Kifafa cha mitoni Ituri hakisubiri mashine

Mtoto amezaliwa mzima, ametembea kwa wakati wake, ameanza shule na anajua kuhesabu. Anapofika miaka sita, minane au kumi, siku moja anawekewa chakula, na kabla tonge halijafika kinywani kichwa kinaanza kuinama na kuinuka, kuinama na kuinuka, kama cha mtu anayesinzia, ila macho yako wazi. Wataalamu waliokutana Kampala mwaka 2012 walikubaliana kipimo: mara 5 hadi 20 kwa dakika. Kisha kichwa kinatulia, mtoto anaendelea kula. Wengine huanzwa na baridi ya alfajiri. Kwa watoto wengine hatua hiyo ya kichwa haionekani kabisa; kifafa huja moja kwa moja, mwili wote ukikakamaa na kutetemeka. Miaka ikisogea bila matibabu, mtoto hupoteza alichokuwa nacho: hesabu anazisahau, maneno yanapungua, hatua zinakuwa nzito, na mwili wenyewe unakataa kukua, hata unamkuta msichana wa miaka 16 mwenye kimo cha mtoto wa miaka 10 na asiye na dalili yoyote ya kubalehe. Kifo mara nyingi hupitia mlango wa pembeni: kuanguka motoni, kuzama mtoni wakati wa kuchota maji, au kushikwa na kifafa kisichokatika.

Ugonjwa huu uko kwetu. Katika zoni ya afya ya Logo, wilayani Mahagi, watafiti wakiwemo Daktari Michel Mandro wa Divisheni ya Afya ya Mkoa hapa Bunia na Profesa Robert Colebunders wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, walipita vijijini katika muongo uliopita na kukuta kifafa kwa kiwango kinachozidi mara kadhaa kile cha kawaida duniani, ambacho hakifiki mtu mmoja katika kila mia. Miongoni mwa wagonjwa walikuwemo watoto wa kutikisa kichwa na wengine waliodumaa. Chanzo kinachoshukiwa kinaishi kwenye mito yenye maji ya kasi, anakozaliana usubi, yule inzi mdogo mweusi anayeuma mchana na kueneza minyoo ya upofu wa mtoni. Tangu hapo majarida ya sayansi yameandika mengi juu ya Mahagi. Ninachodai ni kwamba Ituri haina sababu ya kuendelea kuwa somo la majarida tu. Kuutambua ugonjwa huu kunahitaji muuguzi anayejua maswali ya kuuliza, na kuusimamia kunahitaji dawa mbili za zamani zisizokatika, moja ya kifafa na nyingine ya minyoo. Uamuzi unaokosekana ni wa kuziweka dawa hizo mbili katika mkoba mmoja, na mikononi mwa watu walewale wanaopita nyumba kwa nyumba.

Msomaji wa Bunia atauliza kwanza kama hii si kazi ya vita. Kwetu karibu kila balaa hubebeshwa vita, na mara nyingi ni haki. Kaskazini mwa Uganda nao walidhani hivyo. Watoto wa Kitgum, Pader na Lamwo walianza kutikisa kichwa katika miaka ya vita vya waasi wa LRA na maisha ya kambini, zikatolewa dhana za sumu ya silaha, chakula cha msaada kilichoharibika, surua na njaa. Lakini Mahenge, milimani kusini mwa Tanzania, hakukuwa na vita wala kambi. Huko ndiko Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway, alikoanzisha kliniki ya kifafa karibu na mwaka 1960 na kuandika juu ya watoto wa kutikisa kichwa, miongo mingi kabla ya Kitgum kutajwa. Katika msitu wa Mabira, Uganda, madaktari wawili walieleza mwaka 1950 watoto waliodumaa, wengine wakiwa na kifafa, ambao wenyeji waliwaita Nakalanga. Mabira ya wakati huo nayo haikuwa uwanja wa mapigano. Ukiweka pamoja Mahenge, Mabira, Kitgum, Mundri na Maridi za Sudan Kusini, na Logo yetu, lugha ni tofauti, vyakula ni tofauti, historia ni tofauti. Kilicho sawa ni mto wa kasi na usubi wake. Vita vina dhambi nyingi Ituri, na nitavirudia, lakini hii ya kuanzisha ugonjwa si yao.

Ushahidi wenye uzito kuliko wote umetoka Kameruni. Katika bonde la mto Mbam, watoto walipimwa wingi wa vijiminyoo, yaani watoto wa mnyoo wa upofu wa mtoni, ndani ya ngozi kati ya 1991 na 1993. Zaidi ya miaka ishirini baadaye watafiti wakiongozwa na Cédric Chesnais waliwatafuta tena, na mwaka 2018 wakachapisha matokeo katika jarida la Lancet Infectious Diseases: kadiri mtoto alivyokuwa na vijiminyoo wengi, ndivyo alivyokuwa na hatari kubwa ya kupata kifafa baadaye, ngazi kwa ngazi. Uhusiano wa namna hiyo hauelezeki kwa bahati. Mwenye shaka bado anabaki na hoja moja nzito, nami naikubali: mnyoo haonekani ndani ya ubongo. Timu ya Michael Pollanen ilipochunguza ubongo wa vijana wa Uganda waliofariki, ilikuta mrundikano wa protini iitwayo tau, ileile inayojikusanya katika ubongo wa wazee wenye Alzheimer. Ndiyo maana ugonjwa huu unahesabiwa na wengi miongoni mwa magonjwa ya kuchakaa kwa ubongo, ingawa wagonjwa wake ni watoto. Jinsi mnyoo wa ngozini anavyoufikia ubongo bado inabishaniwa. Kuna wanaodhani kinga ya mwili inamshambulia mnyoo na kukosea shabaha, ikaumiza chembe za ubongo. Mabishano hayo ni ya lazima, lakini mahali pake ni maabara. Gome la mkwinini lilitibu malaria zaidi ya karne mbili kabla ya Laveran kumwona mdudu wake chini ya darubini mwaka 1880, wala hakuna aliyewaambia wagonjwa wasubiri.

Tuje kwenye utambuzi, maana hapa ndipo kisingizio kikubwa kimejificha. Husemwa kwamba ugonjwa wa ubongo hautambuliki bila skana, bila mashine ya kusoma umeme wa kichwa, bila bingwa wa mishipa ya fahamu, na mabingwa hao wengi wao wako Kinshasa. Lakini angalia maswali ambayo watafiti wenyewe walitumia Mahagi na kwingineko. Kifafa kilianza mtoto akiwa na umri gani? Kikianza kati ya miaka 3 na 18, hesabu alama. Kabla ya hapo alikuwa anakua vizuri? Ameishi katika kijiji chenye usubi kwa miaka isiyopungua mitatu? Kijijini wapo wengine wengi wenye kifafa, au nyumbani mwenyewe ana ndugu mgonjwa? Kisha maswali ya kuondoa sababu nyingine: je, alizaliwa kwa shida na kuchelewa kulia, alipata malaria ya kichwa akapoteza fahamu, alipata homa ya uti wa mgongo, aliumia kichwa? Mwishoni muuguzi anamvua mtoto shati. Anapapasa nyonga na mbavu kutafuta vinundu chini ya ngozi, anaangalia kama ngozi ya muundi imebadilika rangi kwa mabaka, anampima urefu na uzito. Kazi hiyo ni ya nusu saa, inataka daftari, futi ya kupimia na mzani. Mzazi akiwa na simu yenye kamera, video ya nusu dakika ya kichwa kinavyotikisika inamsaidia daktari kuliko maelezo ya saa nzima.

Sidharau mashine. Skana ingetuonyesha ubongo uliosinyaa, na kwa mgonjwa mwenye kifafa cha upande mmoja wa mwili, au anayeumwa kichwa mfululizo, au aliyeanza akiwa mtu mzima, ni lazima apelekwe mbele, kwa sababu huenda ni uvimbe au viluwiluwi vya tegu wa nguruwe. Muuguzi afundishwe kumtambua huyo pia. Lakini kwa mtoto wa kijiji cha mtoni mwenye historia kamili niliyoieleza, picha ya skana haitabadilisha kidonge atakachopewa jioni. Kumwambia mama wa Logo asubiri mashine ni kumwambia asubiri mwanawe aharibike hadi picha ionekane vizuri. Mfano wa malaria tunao tayari: watu wa kujitolea vijijini wamefundishwa kupima na kutibu malaria ambayo zamani ilidaiwa ni ya mwenye darubini peke yake, na anga halijaanguka.

Dawa yenyewe ni fenobabitali, ambayo iko sokoni tangu mwaka 1912. Hunywewa mara moja kwa siku, usiku, kwa kipimo cha uzito; huanzwa kidogo na kupandishwa taratibu kwa sababu huleta usingizi na, kwa baadhi ya watoto, utundu usio wa kawaida. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba matibabu ya kifafa ya mwaka mzima yanaweza kugharimu kiasi cha dola 5 kwa mgonjwa, na kwamba hadi watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Ugonjwa wa kutikisa kichwa ni mkaidi zaidi. Uganda ilichagua valproati kwa watoto wake, dawa nzuri lakini ya hatari kwa mimba, jambo ambalo kila muuguzi anayemtibu msichana anapaswa kulijua. Wapo wanaosema: ubongo ukishaanza kuchakaa hautengenezeki, kwa nini tutumie pesa? Wasome taarifa ya Richard Idro na wenzake ya mwaka 2014, baada ya Uganda kufungua vituo maalumu vya matibabu. Kati ya wagonjwa karibu 500 waliofuatiliwa, kama robo waliacha kabisa kupata kifafa, wengine wengi kikapungua sana, na wapatao wawili katika kila watano walirudi shule. Hawakupona. Walirudi shule. Katika ugonjwa unaosonga mbele, kuusimamisha mahali ulipofika ni ushindi, na kadiri unavyousimamisha mapema ndivyo mtoto anavyobaki na akili yake. Adui mkubwa ni kukatika kwa dawa. Fenobabitali ikiachwa ghafla, kifafa hurudi kwa hasira, wakati mwingine kikiwa kile kisichokatika, kinachoua. Kituo kinachoitoa miezi miwili kisha kikaishiwa kinamweka mgonjwa pabaya kuliko alipokuwa.

Hapo ndipo vita vinaporudi, na hoja yao ni nzito kuliko zote. Mkoa uko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Barabara ya kutoka Bunia kwenda Mahagi inapita Djugu, na kila mmoja wetu anajua maana yake. Familia zinakimbia usiku, kituo kinafungwa au kuporwa, muuguzi naye anakimbia. Utamwanzishiaje mtoto dawa isiyopaswa kukatika mahali ambapo kila kitu hukatika? Jibu langu ni kwamba tatizo hili tumeshalikuta na kulitatua kwa ugonjwa mwingine. Wagonjwa wa Ukimwi nao hawapaswi kuacha dawa hata siku moja, na mpango wao ulijifunza kumpa mgonjwa aliyetulia vidonge vya miezi mitatu au zaidi, na kadi ambayo kituo chochote kinaisoma. Mwenye kifafa apewe vivyo hivyo: akiba ya miezi, kadi yenye jina la dawa, kipimo na uzito, na agizo kwamba vituo vya kambi za wakimbizi wa ndani viwe na fenobabitali kwenye orodha yao tangu siku ya kwanza, pamoja na dawa za malaria na kuhara. Kuna atakayeonya kwamba fenobabitali ni dawa inayodhibitiwa na ikimezwa nyingi huua. Ni kweli, na ndiyo maana ifungwe kwa kufuli na ikabidhiwe mtu mzima mmoja nyumbani, mbali na watoto. Kufuli ni tahadhari dhidi ya hatari hiyo. Kuiacha dawa yote Bunia ni kumhukumu mgonjwa.

Nusu ya pili ya kazi ni kuwazuia wengine wasiugue, na hapa ivermektini ndiyo silaha. Kampuni ya Merck iliahidi mwaka 1987 kuitoa bure kwa upofu wa mtoni, kwa hiyo bei si kikwazo. Kikwazo ni kufika. Ivermektini huua vijiminyoo wa ngozini lakini humwacha mnyoo mkubwa, anayeweza kuishi mwilini miaka 10 na zaidi, akiendelea kuzaa; kwa hiyo mwaka mmoja uliorukwa unarudisha nyuma kazi ya miaka. Tena haipewi mtoto chini ya miaka mitano, na ugonjwa wetu unaanza muda mfupi baada ya umri huo. Mtoto anayekosa dozi yake ya kwanza akiwa na miaka mitano na ya pili akiwa na sita ndiye tutakayemkuta na sahani mbele yake akitikisa kichwa. Mpinzani atasema Mahenge wamegawiwa dawa hii tangu miaka ya 1990 na kifafa hakijaisha. Mahenge kwa miaka mingi iligawiwa mara moja kwa mwaka, na si wote walioimeza. Kaskazini mwa Uganda, ambako baada ya 2012 dawa ilitolewa mara mbili kwa mwaka na mito ikanyunyiziwa dawa ya viluwiluwi vya usubi, wagonjwa wapya wa kutikisa kichwa karibu walikoma. Ni haki kusema kwamba amani ilikuwa imerudi na kambi zimefungwa, lakini nimekwisha kueleza kwa nini Mahenge inanizuia kuipa amani sifa yote.

Onyo moja kuhusu ivermektini si la kupuuzwa. Mahali penye Loa loa, yule mnyoo wa jicho wa ukanda wa msitu, mtu mwenye vijiminyoo wake wengi mno katika damu anaweza kupoteza fahamu na hata kufa baada ya kuimeza. Kwetu suala hili linahusu hasa upande wa msitu. Kameruni ilionyesha njia: walipima tone la damu kwa kifaa kidogo kinachofungwa kwenye simu, wakawaacha wachache wenye hatari na kuwapa dawa waliobaki. Zipo pia kazi zisizohitaji kidonge. Maridi, Sudan Kusini, si mbali na mpaka wetu, ambako utafiti wa mwaka 2018 ulikuta zaidi ya watu wanne katika kila mia wana kifafa, usubi walikuwa wakizaliana kwenye bwawa moja. Vijana wa mji walipewa mapanga, wakawa wanakata na kung'oa majani yanayoning'inia ndani ya maji ya kasi, ambako viluwiluwi hujishikiza. Idadi ya usubi wanaouma ikashuka sana. Hakuna chifu Mahagi asiyeweza kuitisha salongo, kazi ya pamoja, ya namna hiyo mara moja kwa mwezi, palipo salama.

Kuhusu vyumba vya maombi na waganga wa kienyeji nitasema machache, kwa sababu wamelaumiwa vya kutosha na watu wasiowapa wazazi kitu kingine cha kushika. Mama anayempeleka mwanawe kwa mchungaji anatafuta msaada palipo karibu. Mchungaji anayesema "tuombe, na vidonge usiache" ni mshirika. Anayeamuru vitupwe anabeba hatari ya kifo cha mtoto. Jambo moja tu lisilo na mjadala: kifafa hakiambukizi. Povu la mgonjwa halina ugonjwa, na anayeogopa kumgusa mtoto aliyeangukia motoni ndiye anayemwacha aungue.

Inabaki pesa na mamlaka. Mpango wa Shirika la Afya Duniani juu ya kifafa na magonjwa mengine ya neva unaishia mwaka 2031, na Kongo ni mwanachama. Hatuombi hospitali mpya. Mgawaji wa ivermektini anaingia tayari kila nyumba ya kijiji akiwa na daftari la majina. Aongezewe safu moja: nani ndani ya nyumba hii huanguka au hutikisa kichwa? Majina hayo yafike kwa muuguzi, muuguzi awe amefundishwa maswali na awe na fenobabitali kabatini, na akiba ihesabiwe kila mwezi na zoni ya afya kama inavyohesabiwa ya chanjo. Divisheni ya Afya ya Mkoa inaweza kuanza na Logo, ambako wagonjwa wameshaandikwa, kisha ifuate mito mingine ya Mahagi na Aru. Wabunge wa Ituri waulize katika kikao cha bajeti ni vidonge vingapi vya fenobabitali vilinunuliwa mwaka jana kwa mkoa mzima na vilikwenda wapi. Na wewe mzazi uliye na mtoto wa namna hii, mpeleke kituo cha afya wiki hii, taja umri alioanzia, onyesha video kama unayo, uliza kama dawa itakuwepo mwezi ujao kabla hujakubali kuianza, na ukishaianza usiikate bila kuambiwa na muuguzi jinsi ya kuipunguza.